Mtoto akipatwa na mzio mkali: sindano kwanza, bajaji baadaye

Kama mtoto yuko mbele yako sasa hivi, amekula kitu au ameumwa na nyuki, na pumzi inambana au amelegea ghafla, usisome mpaka mwisho. Mlaze chini, au kama kulala kunamzidishia kukosa pumzi, mkalishe miguu imenyooka. Toa kalamu ya adrenalini (sindano iliyokwisha kujazwa dozi), vua kifuniko cha usalama, bana mguu wake usitikisike, kandamiza ncha kwenye paja upande wa nje mpaka usikie mlio, kisha shikilia palepale ukihesabu polepole hadi kumi. Halafu ndiyo uite majirani na kutafuta usafiri. Mengine yote yaliyoandikwa hapa yanaweza kungoja.

Sasa kwa mzazi mwenye nafasi ya kukaa na kusoma. Naandika nikiwa Tanga, mama wa mtoto asiyeweza kula korosho wala karanga, na jambo ninalotaka ulishike ni moja: katika mzio mkali, dawa huchomwa palepale tatizo lilipoanzia, kabla ya safari. Tumezoea kwamba sindano ni kazi ya hospitali, kwa hiyo mtoto akizidiwa kila mtu hukimbilia barabarani kutafuta chombo. Kwa magonjwa mengi mazoea hayo ni mazuri. Kwa huu yanaua.

Kinachotokea mwilini

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni mwili kukichukulia chakula, sumu ya mdudu au dawa kama adui. Mara nyingi huishia kwenye upele na kujikuna. Ukiwa mkali, kemikali zinazomwagwa na seli za kinga huilegeza mishipa ya damu mwili mzima, majimaji ya damu yakavujia kwenye nyama, presha ikaporomoka. Wakati huohuo koo linavimba na njia za hewa kifuani zinabana. Mtoto anakosa hewa na mzunguko wa damu kwa pamoja.

Adrenalini inageuza hayo yote. Inakaza mishipa ili presha ipande, inapunguza uvimbe wa koo, inafungua kifua, inaupa moyo nguvu, na inazizuia zile seli zisiendelee kumwaga kemikali. Hakuna dawa nyingine inayofanya yote haya.

Nitasema wazi kuhusu Piriton, kwa sababu ndiyo inayoshikwa kwanza katika nyumba nyingi. Piriton, setirizini na nyingine za jamii hiyo huzuia kemikali moja tu, histamini. Zinapunguza muwasho, na hata hilo linaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Haziinui presha wala hazifungui koo. Sindano ya haidrokotisoni nayo huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi. Sisemi dawa hizo zisitumike, nasema zisitangulie.

Maziwa ya kukata sumu, dafu, mkaa, maji ya limau: achana navyo. Mtoto ambaye koo lake linavimba anaweza kupaliwa na chochote unachomnywesha, na maziwa yenyewe ni miongoni mwa vyakula vinavyosumbua watoto wengi wenye mzio. Kama bibi anaona ni jicho la mtu, amsomee dua mjukuu wake akiwa amemshika mkono, hakuna anayemzuia, lakini sindano iwe imeshachomwa.

Uchunguzi wa vifo vya mzio uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulitoa muda wa kati, tangu mtu akutane na kilichomdhuru hadi pumzi au moyo kusimama: dakika 30 kwa chakula, 15 kwa sumu ya nyuki na nyigu, 5 kwa dawa iliyotolewa na wahudumu wa afya. Muda wa kati maana yake ni kwamba nusu yao walianguka mapema zaidi ya hapo. Chukua dakika hizo uzipime na safari ya kutoka vijiji vya Kigombe au Tongoni mpaka Bombo, hospitali kubwa ya mkoa wetu, ukijumlisha muda wa kutafuta chombo, kutafuta nauli na kumtafuta baba yake kwenye simu. Hata anayekaa Ngamiani, mjini kwenyewe, asijidanganye: kuna foleni ya mapokezi, na kuna usiku.

Kuitambua hali yenyewe

Kwa chakula, dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi. Zile nyepesi ni mabaka yanayowasha, midomo au kope kuvimba, mdomo kuwashawasha, tumbo kuuma, kutapika. Mtoto wa hivyo usimwache peke yake hata kidogo. Kaa naye, kalamu mkononi, umtazame. Ila kwa aliyeumwa na nyuki, kutapika na maumivu ya tumbo vihesabu kuwa ni dalili kali.

Dalili kali ni hizi, na hata moja tu inatosha kuchoma: anapumua kwa shida au kwa kelele, kifua kinapiga filimbi, anakohoa mfululizo bila kuacha, sauti imekwaruza au imebadilika, ulimi umevimba, koo linabana, mate yanamtoka kwa kuwa kumeza kumemshinda, amepauka na kulegea, anapata kizunguzungu, anasinzia ghafla bila sababu, au amezimia. Mtoto mchanga hawezi kukuambia koo linambana. Yeye utamwona analia kwa sauti iliyokauka kisha ananyamaza, analegea mikononi, anatokwa mate kupita kawaida.

Maelezo mengi ya mzio yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, yanasema utaona ngozi imekuwa nyekundu. Kwa ngozi zetu wekundu huo unaweza usiuone kabisa, hasa usiku kwenye mwanga hafifu. Pitisha kiganja chako mgongoni na tumboni mwa mtoto, utavihisi vinundu vilivyotuna. Kagua kope, midomo, masikio. Kupauka kutafute ndani ya midomo, ndani ya kope za chini, kwenye viganja na nyayo. Na ujue kwamba kati ya wagonjwa 100 wa mzio mkali, 10 hadi 20 hawana upele wowote. Kwa hiyo yule jirani atakayesema "mbona hana upele, huyo kapaliwa tu" usimsikilize kama dalili nyingine zipo.

Mtoto mwenye pumu na mzio wa chakula ndiye wa kuogopewa zaidi. Akibanwa kifua ghafla baada ya kula, usianze na dawa ya kuvuta. Adrenalini kwanza, ile ya kuvuta ifuate.

Wazazi wengi husita kwa hofu kwamba watachoma bure na kumdhuru mtoto. Adrenalini ni kitu ambacho mwili wa mtoto hujitengenezea kila siku. Dozi ya mtoto ikichomwa kwenye msuli wa paja bila kuhitajika, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, atapauka, huenda kichwa kikamuuma, na kwa kawaida hayo hupita baada ya muda mfupi. Linganisha na upande wa pili. Ukiwa na shaka, choma.

Kalamu, dozi, na pale isipopatikana

Kalamu ya adrenalini ni sindano iliyokwisha kujazwa dozi moja, yenye springi ndani. Ukiikandamiza, sindano inachomoka yenyewe na kusukuma dawa. Zinazojulikana zaidi ni EpiPen na Jext. Kalamu ya mtoto ina miligramu 0.15, na kwenye karatasi za nyingi imeandikwa kwa ajili ya mtoto wa kilo 15 hadi 30. Juu ya hapo ni ya miligramu 0.3. Madaktari wengi huruhusu ile ya 0.15 kwa mtoto aliye chini ya kilo 15 pale ambapo hakuna nyingine, na humhamishia mtoto kwenye 0.3 akifika kilo 25. Uamuzi huo ni wa daktari wake, na unategemea uzito wa sasa. Usichukue uzito wa kwenye kadi ya kliniki ya mwaka juzi.

Kwetu kalamu hizi si kitu cha kuingia famasi yoyote ukanunua. Wanaozipata huagiza, au huletewa na ndugu walio Maskati, Dubai au London. Ukiagiza kwa ndugu, mpe cheti cha daktari chenye dozi iliyoandikwa, mwombe zije mbili, zenye tarehe ya mbali, na asafiri nazo kwenye begi la mkononi. Mbili, kwa sababu dozi moja huenda isitoshe, na kalamu hutumika mara moja tu.

Na kama huna kabisa, usikate tamaa ukafunga ukurasa, maana adrenalini yenyewe si dawa adimu. Ile ya chupa ndogo ya kuvunja, miligramu 1 ndani ya mililita 1, imo kwenye orodha ya dawa muhimu na bei yake ni ndogo. Kazi yako ni kujua iko wapi kabla ya siku ya shida. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kuliko vyote, siku ambayo mtoto ni mzima, uulize mambo manne: Mna adrenalini? Mna oksijeni? Mnafungua usiku na sikukuu? Nani anaruhusiwa kuichoma? Kama jibu la lolote ni hapana au hakuna, uliza kituo kinachofuata. Hii ni asubuhi moja ya kuzunguka, na ni muhimu kuliko kitu kingine chochote kwa asiye na kalamu.

Kipimo ambacho mhudumu atatumia ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, isizidi 0.3, kwenye msuli wa paja. Mtoto wa kilo 15 basi atapata mililita 0.15 ya ile dawa ya chupa. Mwombe daktari akuandikie dozi ya mwanao kwenye kadi na kuipiga muhuri, ili usiku wa shida mhudumu asianze kupiga hesabu. Wapo madaktari wanaomfundisha mzazi anayeishi mbali kuvuta dawa hii kwa bomba la sindano na kuichoma mwenyewe. Inawezekana, lakini hufundishwa ana kwa ana, kwa mkono. Usiijaribu kwa kusoma maandishi kama haya.

Kuchoma, hatua kwa hatua

1. Mlaze mtoto chali, sakafuni au kwenye mkeka. Kama kulala kunamzidishia kukosa pumzi, mkalishe miguu ikiwa imenyooka mbele na mtu amwegemeze kwa nyuma. Asisimame wala asitembee, nitaeleza sababu yake.

2. Toa kalamu kwenye mrija wake. Ishike kwa ngumi, katikati, vidole vyote vimeizunguka. Kidole gumba kisikae juu ya ncha yoyote. Mtu mwenye haraka hutaka kuibonyeza kwa juu kwa gumba kama biki, naye kama ameigeuza sindano inaingia kwenye gumba lake, dawa ya mtoto ikapotelea hapo na yeye akalazimika kwenda hospitali.

3. Kwa mkono wa pili vua kifuniko cha usalama kwa kukivuta moja kwa moja, bila kukipinda. Kwa EpiPen kifuniko ni cha buluu na sindano hutokea upande wa rangi ya chungwa. Kwa Jext kifuniko ni cha njano na sindano hutokea upande mweusi. Ziko kalamu nyingine zenye kitufe cha kubonyeza kwa nyuma. Ukipewa hiyo, fuata karatasi yake na uwafundishe watu wako hiyohiyo.

4. Bana mguu. Hii ndiyo hatua ambayo watu huipita juujuu, na ndiyo inayoumiza watoto. Mtoto akipiga teke sindano ikiwa ndani, inamchana. Mdogo mpakate, miguu yake uibane katikati ya mapaja yako, mkono wako mmoja ukizuia goti lake. Mkubwa akiwa amelala, mtu mwingine ashike goti na kifundo cha mguu. Usimwombe atulie, maana hawezi. Mshike tu.

5. Tafuta mahali: katikati ya nyonga na goti, upande wa nje wa paja. Si tako, si mkono, si kwenye mshipa. Msuli wa paja ndio unaopeleka dawa kwenye damu upesi. Huna haja ya kumvua nguo. Sindano inapita kwenye kaptula ya shule, kanzu, dera, hata jinzi. Epuka tu pindo nene na mfuko wenye sarafu au funguo.

6. Weka ncha kwenye paja ikiwa wima na ukandamize kwa nguvu mpaka usikie mlio. Usiirushe kutoka mbali. Shikilia palepale. Karatasi za EpiPen za sasa zinasema sekunde 3, za Jext zinasema 10. Fuata ya kwako, na kama huikumbuki hesabu kumi.

7. Chomoa moja kwa moja, sugua pale mahali kwa sekunde 10, na tazama saa. Andika saa hiyo popote, hata kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino.

Ukiitazama kalamu baada ya kuchoma utaona dawa nyingi imebaki ndani. Ndivyo ilivyotengenezwa. Usidhani imeshindwa, na usijaribu kuichoma tena hiyohiyo.

Zikipita dakika 5 na hajapata nafuu, au alipata kisha akarudi chini, choma kalamu ya pili kwenye paja la upande mwingine. Akipoteza fahamu na asipumue kawaida, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama ulifundishwa. Kama hukufundishwa, kandamiza kifua bila kukoma hadi msaada ufike.

Kwa mtoto mkubwa aliyefunga Ramadhani, asikatae sindano kwa kuogopa saumu. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua kwa aya ya Kurani, na siku yake atailipa akipona.

Kumbeba na kumsafirisha

Presha inaposhuka, damu hukusanyika miguuni. Ukimsimamisha mtoto ghafla, moyo unabaki bila damu ya kusukuma, na wapo waliokufa papo hapo kwa kuinuliwa tu wakiwa wanaonekana wamepata nafuu. Kwa hiyo usimbebe mgongoni kwa kanga na usimweke begani. Mbebe amelala mikononi, kama unavyombeba mtoto mchanga, miguu ikiwa juu kidogo ya kichwa. Anayetapika au aliyepoteza fahamu alazwe ubavu.

Usafiri na uje mpaka mlangoni. Asitembezwe kwenda kituoni, hata kama ni karibu na hata kama yeye mwenyewe anasema anaweza. Gari ni bora, bajaji inafaa: mtoto alale kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mtu mmoja, miguu mikononi mwa mwingine. Bodaboda inamkalisha wima kati ya watu wawili, yaani mkao uleule tunaoukimbia. Dereva wa boda mtume akakuitie bajaji. Kwa aliye kijijini ambako boda ndicho chombo pekee, asimwache mtoto afie nyumbani: achome kwanza, kisha mtu mzima akae ubavu-ubavu ampakate mtoto amelala mapajani, na waende.

Weka kwenye simu namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaani kwako, waambie mapema kwa nini utawapigia usiku. Watu wa Tanga wanasaidiana; mtu akijua ni mtoto na ni pumzi, anakuja hata akiwa bado amejifunga msuli wa kulalia.

Ukifika mapokezi usianze kueleza hadithi ya chakula. Sema hivi: "Shikamoo dokta, mwanangu ana mzio mkali, kilo 18, nimemchoma adrenalini saa mbili na dakika kumi, bado anapumua kwa shida." Uzito, dawa, saa, hali ya sasa. Wape na kalamu iliyotumika ndani ya mrija wake. Wakikuambia mtoto anaonekana mzima mrudi nyumbani, omba kwa heshima wamweke chini ya uangalizi. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila mtoto kula kitu kingine, na mtoto aliyekuwa mahututi, mwenye pumu, au aliyehitaji dozi mbili anapaswa kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi, hata kulazwa usiku kucha.

Wanaokuwa naye wewe usipokuwepo

Mtoto wa kwetu hashindi na mama yake. Asubuhi yuko shule, alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, jioni yuko kwa bibi au uwanjani. Kalamu inayokaa kabatini kwako haimsaidii akiwa chuoni. Isafiri naye, kwenye mkoba wake au wa mtu mzima anayekuwa naye, ikiwa na kadi yenye picha yake, uzito, na vyakula vinavyomdhuru.

Mwende maalimu wake mwenyewe, na usimtume mtoto. Mimi husema hivi: "Ustadhi, huyu akila korosho au karanga koo linafunga. Mkimwona anakohoa mfululizo au amelegea, mchomeni hii pajani kwanza, ndipo mnipigie. Naomba msinisubiri." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya lazima. Mwalimu mwenye adabu atakupigia simu kuomba ruhusa, na simu yako itakuwa haina chaji. Mpe ruhusa mapema, kwa maandishi, mbele ya mwalimu mwingine. Dada wa kazi naye mfundishe kama unavyomfundisha mumeo, na umhakikishie kwamba hatakaripiwa kwa kuchoma bila kukuuliza.

Chakula chenyewe kina mambo mengi hapa pwani. Karanga zimo kwenye kisamvu, kwenye mchicha, kwenye kashata, na zimo kwenye unga wa uji wa lishe, ambao mama wengi hawauhesabu kwa kuwa ni chakula cha kumjenga mtoto. Unga huo una soya pia, na mara nyingine dagaa. Korosho zimo kwenye halua na juu ya pilau ya arusini. Ufuta uko juu ya mikate. Mafuta yaliyokaangia kamba hukaangiwa samaki na mihogo, kwa hiyo mtoto wa mzio wa kamba hadhuriki tu kwa kula kamba.

Kazi ngumu zaidi ni sinia. Kwenye maulidi na arusi watoto hula pamoja, mikono mitano kwenye sinia moja, na mkono uliotoka kushika kashata unarudi kwenye wali. Wakati wa futari sahani zinavuka kutoka nyumba hadi nyumba, na kurudisha sahani ya jirani ni aibu. Sioni kwamba dawa yake ni kumfungia mtoto ndani. Mpakulie sahani yake kabla ya wengine kugusa, akae na wenzake mkeka uleule. Sahani ya jirani ipokee kwa shukrani, waile wengine. Na waambie watu sababu kwa jina: "koo linafunga, anaweza kufa." Ukisema "hapendi karanga" au "zinamsumbua kidogo", shangazi atamwonjesha kwa mapenzi.

Joto la Tanga

Karatasi za kalamu nyingi zinataka dawa isikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25 kwa muda mrefu. Sisi kuanzia Desemba hadi Machi tunapita nyuzi 30 mchana, na chini ya bati ni zaidi. Friji siyo jibu. Baridi kali huharibu dawa na huharibu mashine ya ndani. Usiiache kwenye gari, chini ya kiti cha pikipiki, wala dirishani. Ndani ya nyumba, njia wanayofundishwa wagonjwa wa kisukari kwa ajili ya insulini inafaa: chungu kidogo kikavu kikae ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, kalamu iwe kwenye mrija wake na mfuko wa nailoni uliofungwa, mahali pa kivuli penye upepo. Maji yasiiguse. Safarini tumia kipochi cha kutunzia insulini. Lakini pasiwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na kila mtu nyumbani apajue, maana kalamu iliyohifadhiwa vizuri isiyoonekana ni sawa na kukosa.

Kila mwezi itazame kupitia kidirisha chake. Dawa iwe angavu kama maji. Ikiwa ya kahawia au ina vijipande, tafuta nyingine. Tarehe yake huwa fupi, aghalabu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa hiyo anza kuagiza nyingine miezi mitatu kabla. Ikitokea dharura na iliyopo imepita tarehe lakini dawa bado ni angavu, itumie. Inaweza kuwa imepungua nguvu, lakini ni bora kuliko kukosa kabisa.

Kalamu zilizopita tarehe, ukishapata mpya, usizitupe. Kusanya nyumba nzima, bibi, mjomba, dada, kaka mkubwa, na kila kalamu mtu mmoja aichome kwenye papai bichi: avue kifuniko, akandamize, asikie ule mlio, ahesabu. Anza na yule mwenye woga kuliko wote. Kisha zipeleke zahanati, wazitie kwenye boksi lao la sindano.